Mia Tano Kumi na Nne

Skarpeid, Grindskard
11 Januari 2010

Bwana Halvard Brekkhus,

Hunijui, lakini jina la ukoo wangu huenda unalikumbuka. Mimi ni Ingunn, binti wa Torleiv Skarpeid, aliyekuwa mlinzi wa barabara katika kituo cha Grindskard. Baba alifariki tarehe tatu Novemba. Tulimzika tukiwa watu kumi na mmoja, ukiwahesabu mchungaji na mpiga kinanda, ambao hawakuwa na hiari ya kutokuja.

Anwani yako nimepewa na ofisi uliyokuwa ukifanyia kazi. Walisema wewe ndiye uliyejenga programu ya mizani ya theluji iliyokuwa kituoni mwaka 1996, na kwamba sasa umestaafu. Sitakuchosha. Nina swali moja.

Tarehe 28 Februari mwaka ule, saa nane na dakika ishirini mchana, theluji iliporomoka kutoka mlimani ikalifunika gari la posta. Ndani yake alikuwemo Dagrun Myklatun. Barabara ilipaswa kufungwa mizani ikifika mia sita. Chini ya hapo mlinzi hakuwa na ruhusa ya kuifunga bila kibali cha ofisi. Baba hakuifunga. Katika daftari lake, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana, aliandika namba ileile mara nane: 514.

Kamati ya uchunguzi ilisema kuwa theluji ikianguka mizani haisimami. Kwa hiyo mlinzi alilala, kisha akalijaza daftari baada ya ajali. Baba hakufungwa. Aliachishwa kazi, na bonde likamalizia kilichobaki. Hakuna aliyemtukana. Watu waliacha tu kuja kunywa kahawa.

Sasa mwalimu Arnljot anakamilisha kitabu cha bonde. Kila shamba lina ukurasa wake: nani alizaliwa, nani alioa, nani alifanya nini. Kila nyumba hapa itakuwa na nakala, na wajukuu wa wajukuu wataisoma. Wiki iliyopita alikuja kwangu, akakaa pale alipokuwa akikaa baba.

"Ingunn, binti yangu, mimi naandika kilichomo kwenye ripoti."

"Ripoti inasema alilala."

"Inasema alilala na akaghushi daftari."

"Na wewe mwenyewe unasemaje?"

"Mimi nasema maandazi yako yana iliki nyingi kuliko ya marehemu mama yako." Alipomaliza andazi la pili akaongeza: "Niletee karatasi moja yenye saini ya mtu anayejua, kabla ya tarehe mosi Machi. Maneno matupu sichapi."

Baba alisema sentensi moja kwa miaka kumi na mitatu: "Niliandika nilichokiona." Swali langu ni hili: je, skrini ile ingeweza kuonyesha 514 mara nane mfululizo?

Wako kwa heshima,
Ingunn Skarpeid


Bergen
19 Januari 2010

Bi Ingunn Skarpeid,

Barua yako ya tarehe 11 nimeipata. Pole kwa kufiwa na mzazi.

Kwanza, sahihisho. Namba bila kipimo si namba. Mizani ilipima uzito wa theluji iliyolala juu ya bamba la chuma lililofungwa mlimani, na uzito ulihesabiwa kwa kilo katika kila mita ya mraba. Baba yako, kwa hiyo, aliandika kilo 514.

Pili, swali lako. Programu mpya ilipelekwa kituoni kwa njia ya simu tarehe 27 Februari. Kanuni ya ofisi ilitaka kila programu mpya ikaguliwe kwa vipimo vitatu katika saa tofauti: mlinzi anasoma skrini, anasoma pia kipimo cha mkono kilichoko karibu na kituo, na mjenzi wa programu anaandika anayoyasikia kwa simu. Mtu wa pili hukagua na kuweka saini. Utaratibu huo ulikuwepo kabla yangu na ulikuwa mzuri.

Vipimo vitatu vimo katika fomu ya ukaguzi, ambayo nimekuwekea nakala. Tarehe 27 saa kumi jioni: kilo 514. Tarehe 28 saa mbili asubuhi: kilo 518. Siku hiyohiyo saa sita mchana: kilo 523. Utaona kwamba namba zinapanda kama inavyotarajiwa wakati wa theluji.

Mashine ya kituoni haikuhifadhi kumbukumbu. Ilishika namba ya mwisho tu, na umeme ulipokatika hata hiyo ikafutika. Siwezi kusema baba yako aliona nini. Sikuwepo.

Natumaini maelezo haya yatautuliza moyo wako.

Halvard Brekkhus


Skarpeid
27 Januari 2010

Bwana Brekkhus,

Nakushukuru kwa fomu. Kamati haikuwahi kutuonyesha. Katika ripoti yao imo sentensi moja tu, kwamba ofisi iliikagua programu mara tatu na kuikuta salama.

Nimeiweka fomu yako kando ya daftari la baba, juu ya meza ya jikoni, na tangu Jumatatu sijaweza kulia chakula hapo.

Wewe umeandika kuwa tarehe 28 saa mbili asubuhi mlinzi alikusomea 518. Baba, saa hiyohiyo, aliandika 514. Saa sita mchana kwako ni 523, kwa baba ni 514. Mizani ni moja na skrini ni moja. Kama alikusomea wewe 518 kwenye simu, kwa nini aandike nyingine kwenye daftari lililoko mbele yake?

Kuna jambo jingine. Pembeni mwa daftari, kwa kalamu ya risasi, baba ameandika: saa mbili, nimepiga ofisini, hakuna jibu. Saa tatu, hakuna jibu. Saa tano, hakuna jibu. Saa sita, hakuna jibu. Kamati ilisema maandishi hayo ni ya uongo, kwa kuwa ofisi ilikuwa na ushahidi kwamba ilizungumza naye saa mbili na saa sita. Miaka yote tulijiuliza ushahidi huo ni upi. Sasa ninao mkononi, na umenitumia wewe.

Mwaka uliotangulia baba aliwahi kuifunga barabara mizani ikiwa 480, kwa sababu upepo haukumpendeza. Mabasi ya watalii wa kuteleza kwenye theluji yalirudishwa, na ofisi ikamwandikia barua ya onyo. Ninayo pia. Ilimwagiza afuate mizani, asifuate kipimo cha mkono wala pua yake. Mtu aliyeonywa hivyo, akiona namba haisogei na theluji inapiga dirisha, atafanya nini zaidi ya kupiga simu?

Nauliza kwa adabu, Bwana Brekkhus. Tarehe 28, saa mbili asubuhi, ulikuwa wapi?

Ingunn Skarpeid


Bergen
1 Februari 2010

Borgny,

Binti wa Torleiv Skarpeid ameniandikia. Anataka kujua kuhusu Grindskard. Nilimjibu kwa utaratibu na nikamtumia nakala ya fomu, kwa kuwa fomu ndiyo hati rasmi. Sasa ameilinganisha na daftari la baba yake.

Saini ya pili ni yako. Naona ni haki ujue kabla hujaulizwa. Naomba pia uniambie unakumbuka nini kuhusu wiki ile, ili majibu yetu, tukiulizwa, yasipingane.

Afya yangu ni ya wastani. Goti la kushoto limekataa ngazi.

Halvard


Stavanger
4 Februari 2010

Halvard, ndugu yangu,

Ati majibu yetu yasipingane. Una miaka sabini na mmoja na bado unaongea kama mtoto aliyevunja kioo cha jirani.

Hebu nikucheke kidogo, kisha tuseme ya maana. Miaka kumi na minne umeificha siri ya fomu ile, halafu unaitia mwenyewe kwenye bahasha na kuibandikia stempu. Nadhani mkono wako ulichoka kabla ya ulimi wako.

Unauliza ninakumbuka nini. Nakumbuka Jumanne ile, wiki ya likizo ya majira ya baridi, ofisi nzima imeshakwenda milimani na wewe mabegi yako yako mlangoni. Ulizungumza na Torleiv kwa simu, kisha ukanisukumia fomu.

"Weka saini, Borgny."

"Vipimo viwili bado, Halvard. Ni vya kesho."

"Mizani imesimama kwenye 514 tangu juzi, mbingu ni kavu. Kipimo cha mkono nacho kinasema 514. Unataka nini, malaika ashuke?"

"Nataka vipimo viwili."

"Basi hivi hapa," ukasema, ukaviandika mbele yangu. 518. 523. "Viongezeke kidogo, vionekane vya asili." Nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilicheka. Kisha nikaweka saini, nawe ukakimbilia treni.

Sasa nikuambie usilolijua. Jumatano asubuhi nilirudi ofisini kuchukua glavu zangu. Ilikuwa saa tano. Nilipofungua mlango simu ya meza yako ilikuwa inalia. Nilisimama nikaisikiliza. Nikajisemea kwamba ni likizo, anayepiga atapiga tena Jumatatu. Nikachukua glavu nikafunga mlango, na hadi nafika kwenye lifti ilikuwa bado inalia.

Mume wangu alifariki bila kulijua hilo. Simu ya nyumbani niliiondoa mwaka 1997, nikasema ni gharama.

Tulifunika kombe ili mwanaharamu apite. Hakupita, Halvard. Amekaa nasi sebuleni hadi leo. Mimi sitakusukuma wala sitakuzuia, lakini akiniandikia yule mama nitamjibu yote, pamoja na glavu.

Borgny


Skarpeid
9 Februari 2010

Bwana Brekkhus,

Hujanijibu, na huenda ndilo jibu.

Nilimpelekea mwalimu Arnljot fomu yako na daftari. Alivisoma akiwa amesimama. Akasema: "Hizi ni karatasi mbili zinazopingana, Ingunn. Ya ofisi ina saini mbili. Ya Torleiv ina moja, na ni ya Torleiv." Hakusema kwa ubaya. Ndivyo vitabu vinavyoandikwa.

Nimekuwa nikifikiri. Majira yale ya baridi mama alikuwa mgonjwa, na baba ndiye aliyemgeuza kitandani kila baada ya saa chache. Alikwenda kazini akiwa na macho mekundu. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, nikiishi ng'ambo ya mto, nami sikuwahi kumwambia, "Leo lala wewe, nitakaa mimi." Kwa hiyo labda alilala. Labda alisinzia mbele ya skrini, akazinduka, akaandika namba aliyoikumbuka, akasinzia tena. Mtu anaweza kuwa mkweli maisha yake yote na bado akalala.

Katika nyumba ya wazee, mwaka wake wa mwisho, alikuwa akisimama dirishani kila saa ilipogonga. Muuguzi alidhani anasubiri mgeni. Siku moja nilimkaribia nikamsikia. Alikuwa akisema, polepole kama mtu anayemwandikisha mwenziwe, "Mia tano kumi na nne." Kisha anaketi hadi saa nyingine. Mkono wake ulikuwa ukitembea juu ya paja kana kwamba umeshika kalamu. Nilitaka kumwambia, baba, acha, nakuamini. Sikumwambia. Sikuwa na hakika, naye angelisikia hilo katika sauti yangu.

Nimemwambia Arnljot aandike anavyoona. Ukurasa wetu unakwenda kwa mchapaji tarehe mosi.

Ingunn Skarpeid


Bergen
14 Februari 2010

Bi Ingunn,

Baba yako hakulala.

Naandika sentensi hiyo peke yake, ili kama utaiacha barua hii hapo uwe umepata unachokihitaji. Katika bahasha hii kuna karatasi ya pili, kwa ajili ya mwalimu Arnljot, yenye saini yangu na ya Borgny Ulvatn, aliyekuwa mtu wa pili. Yanayofuata ni maelezo, nami nitajitahidi yawe mepesi.

Kompyuta haihifadhi namba kubwa mahali pamoja. Huigawa katika visehemu vinavyoitwa baiti. Fikiria visanduku viwili. Katika kimoja unaweka mafungu ya mia mbili hamsini na sita, katika kingine unaweka baki. Kilo 517 ni mafungu mawili na baki tano: mbili, tano. Sasa, mashine zimetofautiana tangu zamani. Nyingine huanza na sanduku la mafungu, nyingine huanza na la baki. Hakuna iliyo sahihi kuliko mwenziwe, lakini ni lazima ujue unaongea na ipi. Ukikosea, mbili-tano inasomwa tano-mbili, na kilo 517 zinageuka kuwa 1282.

Kwa sababu hiyo, kabla programu haijajengwa, hutumwa kwanza programu ndogo ya kuuliza. Inaiuliza mashine: wewe unaanza na sanduku lipi? Ikijibiwa, programu kubwa hujengwa kwa kufuata jibu hilo. Miaka yote tulijenga programu za vituo kwenye mashine ya aina ileile ya vituoni. Januari 1996 tuliletewa mashine mpya ofisini, inayoanza na sanduku lingine. Nilijenga juu yake programu ya kwenda Grindskard. Swali liliulizwa mjini, likajibiwa na mashine ya mjini, na jibu likapelekwa mlimani kwa mashine ambayo haikuulizwa kitu. Nilipaswa kulijua hilo. Nilikuwa nikiwafundisha wengine.

Kosa kama hilo kwa kawaida hujionyesha papo hapo, kwa kuwa namba zinatoka za kichaa. Lakini mbingu ilikuwa kavu, na mizani ilikuwa imesimama kwenye 514. Mafungu mawili, baki mbili. Mbili, mbili. Ukivigeuza visanduku inabaki ileile. Nilimpigia baba yako simu Jumanne saa kumi jioni.

"Inasema mia tano kumi na nne," akasema. "Na kijiti changu cha kupimia kinasema hivyohivyo. Mmepatia safari hii, watu wa mjini."

"Vizuri. Basi tumemaliza."

"Mbona tumemaliza? Kesho asubuhi nakusomea ya pili. Usilale tu ukanisahau."

"Hatulali sisi," nikasema.

Nilikuwa nimeshika tiketi ya treni. Vipimo viwili vilivyobaki niliviandika dakika ile, kutoka kichwani mwangu.

Theluji ilipoanza alfajiri, kila kipimo kipya kiligeuzwa kikawa cha kichaa. Nilikuwa nimeiamuru programu itupe namba inayoruka ghafla mno kutoka ile ya kabla, na kuacha ile njema ya mwisho kwenye skrini. Niliona hilo ni jambo la busara. Kwa hiyo 514 ilibaki, na ingebaki hata wiki nzima. Baba yako aliona 514 saa moja, akaona 514 saa mbili, akanipigia. Mimi nilikuwa nikiteleza kwenye theluji karibu na kibanda cha ndugu yangu. Ningekuwa mezani pangu saa mbili asubuhi, kama kanuni ilivyotaka, angeniambia namba haisogei na theluji inashuka, nami ningejua kabla hajamaliza sentensi. Gari la posta lilipita saa sita baadaye.

Sikulijua hadi tarehe 18 Machi, nilipojenga programu ya kituo kingine na skrini ikaganda. Nilikaa nayo alasiri nzima. Kisha nikaingiza 514 kwa mkono, nikaona. Nilirekebisha mstari mmoja na katika daftari la kazi nikaandika neno "maboresho". Kamati ilitoa ripoti yake mwezi Mei. Nilikuwa na wiki saba za kusema.

Walimhukumu baba yako kwa kuandika namba ambazo hakuziona. Aliyefanya hivyo ni mimi. Za kwake zilionekana za uongo kwa sababu zilikuwa za kweli, na za kwangu zilionekana za kweli kwa sababu nilizitunga vizuri.

Tangu mwaka ule siwezi kuona namba bila kuigawa kwa mia mbili hamsini na sita. Namba za nyumba, za mabasi, za zaburi kanisani. Nikikuta mafungu na baki vinalingana, nageuka kutazama nyuma, sijui kumtazama nani.

Naomba jina langu liandikwe katika kitabu cha bonde, kamili, na lisifupishwe.

Halvard Brekkhus


Skarpeid
26 Februari 2010

Bwana Brekkhus,

Barua yako ilifika siku nane zilizopita. Nilisoma sentensi ya kwanza, nikaenda nje nikapasua kuni hadi mikono ikakataa. Zilizobaki nilizisoma kesho yake.

Jana tulikutana katika nyumba ya mikutano: mimi, mwalimu Arnljot na Gaute Myklatun, mume wa Dagrun. Gaute nilimwita mimi. Sikutaka alisome kwenye kitabu kama mtu mwingine yeyote. Hakuwa ameingia chumba kimoja na mtu wa Skarpeid tangu mwaka 1996. Alivua kofia, akakaa upande wa pili wa meza bila kuvua koti.

Arnljot alisoma kwa sauti, karatasi yenye saini kwanza, kisha barua. Alipofika mwisho Gaute akasema, "Rudia pale pa visanduku." Arnljot akarudia.

"Kwa hiyo Jumanne ile mizani ingekuwa na mia tano kumi na tano," Gaute akasema, "Torleiv angesoma nini kwenye simu?"

Mwalimu alichukua penseli, akahesabu. "Mbili, tatu. Ikigeuzwa, tatu, mbili. Mia saba na sabini."

"Na kijiti kingesema mia tano kumi na tano."

"Ndiyo."

"Wangejua palepale."

"Hata mtoto angejua."

"Kilo moja," Gaute akasema. "Kilo moja ya theluji." Halafu akaniambia mimi, si Arnljot: "Dagrun angekuwa na miaka hamsini na mitano. Na baba yako nilikutana naye dukani labda mara mia tatu. Mara mia tatu nilisoma maandishi kwenye makopo."

Nikammiminia kahawa. Aliinywa.

Arnljot akaandika upya mbele yetu. Ukurasa wa shamba la Skarpeid utasema hivi: "Torleiv, 1929 hadi 2009, mlinzi wa barabara ya Grindskard kwa miaka ishirini na miwili. Siku ya maporomoko ya 1996 aliandika kwa uaminifu namba aliyoonyeshwa na mizani, na akapiga simu kuomba msaada mara nne. Namba ilikuwa na kosa lililofanywa mjini."

Kisha akauliza, "Niliweke jina la huyu bwana? Ameomba."

Gaute akauliza, "Ni mtu wa wapi?"

"Bergen."

"Ana shamba hapa? Ana kaburi hapa?"

"Hana."

"Basi hamo. Kitabu ni cha watu wa bonde."

Arnljot alinitazama ili niamue, kwa kuwa ukurasa ni wetu. Nilikumbuka ulivyoliomba, kamili na lisifupishwe. Nilifikiri jinsi kuandikwa kungekupunguzia mzigo, na kwamba baba hakupunguziwa hata kidogo. Nikasema sawa na Gaute.

Kwa hiyo umesema kweli, na kweli imefanya kazi yake, na nakushukuru kwa hilo. Msamaha hukuniomba, na kama ungeuomba sijui kama ninao. Barua yako inabaki kwa Arnljot, ndani ya bahasha yake, kabatini pamoja na daftari la baba. Tumeisoma watu watatu. Hakuna mwingine atakayekuja kuiuliza.

Ingunn Skarpeid